Sahani Iliyokuwa Ikirudi Jikoni

Mwaka ule wa 1954 kijiwe cha Karuba kilikuwa na benchi moja tu, na benchi lenyewe lilikaa mahali pabaya kuliko pote. Mkahawa wa Mukagasana ulikuwa nyumba mbili: mbele, kando ya barabara, nyumba ya kulia chakula; nyuma, jiko. Katikati kichochoro, na kichochoroni ndipo benchi, maana hapo moto wa jiko uliikata baridi ya milima na kahawa ilikuwa jirani. Wenye benchi walikuwa watatu. Kanyamibwa, baba mkwe wa Mukagasana, waliyemwita Juji kwa kuwa alipenda kukata kesi ambazo hakuletewa. Semana, waliyemwita Kapita kwa kuwa aliwahi kuwasimamia wachimba barabara. Na Narcisse, waliyemwita Latini, aliyeondoka seminari siku chache kabla seminari haijamwondoa. Asubuhi hiyo madereva wa malori ya pareto walikuwa wamemwambia mwenye mkahawa wazi: wakicheleweshewa chakula leo tena, watakuwa wanakula Sake, mji wa chini ya mlima. Bila madereva, Mukagasana angefunga mlango na kurudi kulima shamba la baba mkwe. Alilijua shamba lile, mteremko na mawe yake, na alimjua mwenye shamba. Aliogopa.

Alitoka jikoni na sahani ya maharagwe na viazi, mvuke ukimpiga usoni. Alipofika kwenye benchi akasimama. Mke wa mwana hapiti mbele ya baba mkwe mikono imejaa. Aliitua sahani kwenye jiwe, akatoa mkono wa kuume, wa kushoto ukishika kiwiko, akauliza habari za nyumba, kisha za ng'ombe.

— Ng'ombe iko muzuri, Mama Léontine, alisema Kanyamibwa, kama wote walivyomwita Mukagasana kwa jina la binti yake. Ile ya mabaka tu njo inakohoa. Ngoja nikuelezee.

Akaeleza. Kisha ikawa zamu ya Kapita, kisha Latini, maana kumsalimia mmoja na kuwaruka wenzake ni tusi. Walipokwisha, mafuta yalikuwa yameganda juu ya maharagwe. Mukagasana akarudi jikoni kuyapasha moto.

— Munaona? alisema Kapita, akimtazama mgongo. Anatoka, anarudi. Hakuna mupango. Bashofere bataenda Sake, na hii restora itakufa.

— Itakufa kweli, alisema Juji. Na kahawa tutakunywa wapi? Leo tutafute dawa.

— Dawa iko filimbi. Ku barabara, nikipiga filimbi, bantu mia banainua jembe pamoja. Shofere anaingia, mimi napiga filimbi, Mama anakimbia.

— Filimbi inachelewa, alisema Latini. Muntu amekwisha kufika. Tuweke ngoma ku kila kilima, toka Sake mpaka hapa. Shofere anasema kule chini anataka nini, ngoma inapandisha habari. Akifika, sahani iko ku meza.

— Na akibadirisha mawazo mu njia?

— Hairuhusiwe.

Mukagasana alitoka tena na sahani, akipita upande wa ukuta, akitumaini mabishano yamewafumba macho.

— Mama Léontine, alisema Juji kwa upole.

Akaitua sahani. Akatoa mkono.

— Ile ya mabaka, papa, bado inakohoa?

— Inakohoa. Lakini sikia kwanza. Hawa banasema filimbi, banasema ngoma. Wewe unaonaje?

Alionaje? Aliona mvuke unakwisha. Aliona pia neno moja fupi, hameni, na hakuna mke wa mwana katika vilima vile aliyewahi kumwambia baba mkwe neno hilo.

— Wazee munajua, alisema, akaibeba sahani kuirudisha motoni.

— Shida haiko ya mupishi, alitangaza Juji. Shida iko tumbo ya shofere. Muangalie ng'ombe. Ng'ombe akikosa majani halalamike, anacheua ile ya jana. Shofere afundishwe kucheua.

Kapita alijikuna kidevu.

— Itachukua muda gani?

— Ukianza naye akiwa mutoto, haichukue.

Walikuwa bado wanatafuta nani atakuwa mwalimu wa kucheua, Latini akijitolea, dereva mmoja alipoingia kichochoroni, kofia mkononi. Alikuwa Émile, mtu wa Walikale, safari yake ya kwanza Karuba.

— Jambo, bapapa. Niko naangalia sahani yangu toka ku dirisha. Inatoka jikoni, inafika hapa, inarudi. Hapa kuna nini?

Kapita alimtazama Latini. Latini alilitazama jiwe. Mukagasana alikuwa mlangoni pa jiko na sahani.

Mwishowe Kanyamibwa aliinuka, akashika ncha moja ya benchi. Kapita akashika nyingine. Wakalibeba, wakalizunguka jiko na kulitua nyuma ya kibanda cha kuni. Mukagasana akapita na sahani kichochoro kizima, akaiweka mbele ya Émile, aliyekwisha kurudi mezani, ikitoa mvuke. Alifurahi. Madereva wengine wakavuta viti.

— Njo ile nilikuwa nasema, sauti ya Juji ilisikika nyuma ya kuni. Muntu ni kutumia akili.

Upepo wa mlima ulivuma, na kule hakukuwa na moto. Kisha:

— Mama Léontine, kahawa iko inachelewa sana.

Mukagasana alikuwa na sahani mikono yote miwili.

— Mungoje kidogo, papa, alisema, na akaenda kwa madereva.