Sungura Aliyekataa Karoti

Basi la hoteli lilipotoka kwenye bustani ya michezo pale Orlando, Kelsey alishindwa kujizuia. Akamgeukia Rhonda, mama aliyekutana naye kitini dakika ile ile.

"Dada, karoti ndiyo mboga pekee ambayo mwanangu Tucker bado anakula. Leo mkahawani kampa moja yule Sungura anayezungukia meza, naye akatikisa kichwa!"

"Si mtu kavaa kichwa cha manyoya, mdomo umeshonwa? Ulitaka aile kwa sikio?"

"Angeipokea tu! Sasa Tucker ananiuliza, kama Sungura mwenyewe hali, yeye ni nani ale?"

"Mama wee, umemwachia sungura akulelee mtoto. Wangu anakula nimpacho, na hathubutu kununa."

Kelsey alimtazama huyo asiyenuna, binti aliyeketi kando ya Rhonda. Alikuwa amepakata bakuli la brokoli, akitafuna taratibu kama ng'ombe mwenye adabu. Wivu ukamchoma Kelsey.

Basi likasimama. Binti akaacha kutafuna, akamwinamia Tucker aliyeketi karibu na mama yake.

"Na brokoli je, Sungura anakula?"

Tucker alilitazama bakuli kwa huruma. "Pole," akamwambia.

Binti akalifunika.