Kugonga Mara Tatu

NURDIN: Haloo, nani mwenzangu?

ETHEL: Mwalimu Ethel, niko Newala. Wewe ndiye Nurdin wa zile video za kemia?

NURDIN: Ndiye. Habari za huko, mwal—

ETHEL: Si nzuri. Namba yako nimeitoa chini ya video. Kidato cha nne wangu wamemaliza moko ya vitendo ya kujiandaa na mtihani wa taifa, ile ya kupima asidi. Msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, anataka kuifuta. Anasema wamepeana ishara.

NURDIN: Ishara gani?

ETHEL: Kabla ya kufungua koki, kila mmoja anaigonga bureti, ule mrija wa kupimia, kwa kucha mara tatu, halafu ananong'ona bismillahi. Wote thelathini na mmoja. Hata Priska, binti wa katekista.

NURDIN: [anacheka] Aisee.

ETHEL: Usicheke, kaka. Watoto wamesimamishwa hapa tangu saa nne, kukaa marufuku. Nimeweka spika, msimamizi anakusikia.

NURDIN: [anakohoa] Samahani, mheshimiwa. Hiyo ishara ni yangu. Bureti yangu ni mrija wa dripu, nimeufunga dirishani jikoni kwa shemeji. Hewa inanasa mle, usipogonga vipimo vinakudanganya. Bismillahi ni... mazoea tu. Wameniiga.

ETHEL: Umesikia, mheshimiwa? Bureti zenyewe tumeazima jana. Walikuwa hawajawahi kuzishika, wamesomea kwenye simu yangu hii hii.

NURDIN: Na majibu je?

ETHEL: [mikwaruzo] Anapekua karatasi... Yanapishana kidogo kidogo. Kila mtu na lake, hakuna aliyenakili. Anauliza, unafundisha shule gani?

NURDIN: Haloo? Mtandao huu—

ETHEL: Unasikika vizuri. Shule gani?

NURDIN: [honi ya pikipiki] Sina shule. Niko stendi Masasi, naendesha bodaboda. Ajira ya ualimu naisubiri mwaka wa sita huu. Darasa sijawahi kupewa.

ETHEL: Ngoja, anaandika kitu.

NURDIN: Nimewaharibia?

ETHEL: [anashusha sauti] Amefunga daftari lake. Anatikisa kichwa, ila anacheka. Haifutwi.

NURDIN: Alhamdulillahi. Basi, mwalimu, kuna abiria ananiita hapa—

ETHEL: Subiri, wanataka kukusalimia. Haya, pamoja.

[sauti nyingi: Shikamoo, mwalimu]

ETHEL: Haloo? Nurdin? Upo?

NURDIN: Nipo. [anazima pikipiki] Marahaba. Kaeni.

ETHEL: Wamekaa, mwalimu. Haya, salio linaish—