Programu ya Marehemu Inalala Mchana

Benchi letu lipo kwenye kona, limeegemea ukuta wa duka la Sentimita, fundi cherehani, na linatazamana na lango la hospitali. Mguu wake mmoja umefungwa waya, kwa hiyo mtu mnene hakai mwisho. Kahawa inachemka hapo hapo kwenye jiko la mkaa, na sheria yetu ni moja: anayelijua jambo asiseme mapema, atatuharibia mazungumzo. Mimi nashona viatu. Redio ni karani mstaafu, na jina lake linajieleza. Spana ni fundi magari, mtu wa maneno mengi na mafuta mengi mikononi, lakini siku hiyo alikuwa kimya. Mke wake alikuwa humo hospitalini tangu asubuhi, anasubiri zamu ya mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zimechoka.

Mara akatoka Kibodi, binti anayetengeneza programu za kompyuta za hospitali. Uso ulikuwa umemshuka.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba! Sogea, binti, akasema Redio. Nani kakuudhi tumkamate?

— Programu imeganda tena.

Spana akaweka kikombe chini. — Tena?

— Tena, baba. Nimeizima nikaiwasha, inafanya kazi. Lakini hesabu za mchana zimepotea zote. Manesi wanaanza upya, na wa mwisho kwenye foleni huenda wasifikiwe leo.

Spana akageuka kutazama lango. Mkewe alikuwa wa mwisho kwenye foleni.

— Hebu tueleze, nikasema mimi. Polepole, kama unamweleza mtu wa viatu.

— Kabla mgonjwa hajaunganishwa na mashine, lazima ijulikane atolewe maji kiasi gani mwilini. Hesabu hiyo inapigwa na programu ya zamani. Aliiandika daktari mmoja, marehemu sasa, kwa lugha ya kompyuta ya enzi zake. Madaktari wanaiamini kuliko wanavyoaminiana. Mimi nimeandika programu mpya, kwa lugha ya siku hizi. Yangu inapokea wagonjwa, inapanga foleni, na ikifika kwenye hesabu inaiita ile ya marehemu, inaipa uzito wa mgonjwa, inasubiri jibu.

— Kwa nini usiiandike upya hiyo hesabu kwa lugha yako? nikauliza.

— Nani atathubutu? Nikikosea kidogo, mtu anakufa.

Redio akajikohoza. Tukajua sasa tumekwisha.

— Kumbe kijana anamwita mzee amfanyie kazi. Swali langu: anamwamkia?

— Nani, baba?

— Hiyo yako mpya. Unamwita mtu mzima, hujasema shikamoo, hujauliza habari za nyumbani, unamtupia kilo! Asubuhi anavumilia. Mchana anasusa.

— Acha hizo, akadakia Sentimita. Mimi nawaambia ni vipimo. Kuna bwana aliniletea vipimo vya inchi, mimi nikakata kwa sentimita. Suruali ikamtosha mwanawe wa shule ya chekechea.

— Hilo ndilo nililoanza nalo, Kibodi akajibu. Nimehakikisha yangu ikisema kilo, ya zamani inasikia kilo. Jibu linatoka sahihi kila mara. Ni sahihi mpaka dakika ile inapoganda.

— Inapata moto, akasema Spana, na sauti yake ilikuwa nzito. Nimewahi kufunga gia ya gari hili kwenye injini ya gari lile. Inaingia, inatembea. Ikipata moto, kwaheri.

— Chumba chenyewe kina baridi, baba, tunavaa masweta.

— Basi sikilizeni, Redio akashusha sauti. Yule daktari nilimjua. Akishakula chakula cha mchana, hata moto uwake, haamki mpaka alasiri. Sasa mtu akiandika kitu kwa miaka yote hiyo, si anaacha tabia zake humo? Programu imemrithi. Imekula, imelala!

Kahawa ilinipitia puani. Sentimita alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Kibodi hakucheka, alimkazia macho Redio.

— Ila kuna kitu hapo, baba. Kwa nini iwe mchana? Jumapili wagonjwa wakiwa wachache, inafika jioni bila shida yoyote.

— Jumapili marehemu alikuwa halali usingizi, anakwenda kwa wakwe.

Mimi sielewi kitu nisichokiona, na nilishachoka kufikiria. Nikasema tuigize. Sentimita awe programu ya marehemu, Redio awe ile mpya, mimi nilete wagonjwa. Sentimita akatoa mfuko wa vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji, na chaki yake.

— Afadhali, Kibodi akasema, akainuka kutupanga. Baba Redio, wewe unataja uzito. Baba Sentimita, wewe unachukua kitambaa kipya, unaandika jibu, unakiweka kwenye benchi na kumwambia kiko wapi. Baba Redio unakwenda unasoma. Ndivyo zinavyofanya kweli.

Wagonjwa wangu walikuwa wapita njia.

— Yule mwenye mwavuli, sabini!

— Sabini! Redio akapaza.

Sentimita akaandika, akaweka. — Jibu liko hapo kwenye pembe.

— Lita mbili! Redio akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari.

— Mama mwenye kapu, sitini na tano! Askari wa zamu, tisini! Yule anayetukodolea macho, themanini!

Mambo yakapamba moto. Sentimita anaandika, Redio anasoma, mimi napiga kelele, watu wanatushangaa. Spana mwenyewe akasahau kidogo, akaanza kukadiria uzito wa watu kwa kuwalinganisha na betri za malori. Kibodi alikuwa anazunguka, anatutazama mikono, anauma kucha. Kahawa ilipoa bila mtu kuijali.

Ndipo mke wa Spana akatoka langoni, hatua moja moja.

— Hamjambo?

— Shikamoo, mama, Kibodi akasema.

— Marahaba, mwanangu.

Spana alikwishamfikia. — Wamekuweka kwenye mashine?

— Nimeambiwa nirudi kesho mchana.

Nikaangalia miguu yake. Vile viatu nilivitanua mwenyewe wiki iliyopita, na sasa vilikuwa vimembana tena, nyama imefurika pembeni. Iliniuma sana. Tulikuwa tunacheka na yeye anavimba.

Akalifikia benchi, akasimama. Lilikuwa limejaa vitambaa vyenye chaki toka mwanzo hadi mwisho, hapakuwa na pa kuweka hata kiganja.

— Hivi vitambaa anaviondoa nani? Nataka kukaa.

Tukatazamana.

— Mimi nikishasoma nimemaliza, Redio akajitetea. Vitambaa ni vya Sentimita, nilijua ataviokota mwenyewe.

— Nitaviokotaje? Mimi sijui umemaliza kusoma saa ngapi! Nikiondoa kabla hujasoma, utasoma nini?

Kibodi alikuwa amesimama kama aliyeitwa na mtu asiyemwona.

— Mgonjwa mmoja, kitambaa kimoja, akasema taratibu. Jumapili vichache. Mchana kumbukumbu ya kompyuta imejaa kama benchi hili, jibu jipya halina pa kukaa, inaganda.

— Mwanangu, mimi nauliza pa kukaa, mama akasema.

— Mama, lugha yangu ina mfagiaji wake ndani. Nikiacha kitu, anakiokota mwenyewe. Sijawahi hata kumfikiria. Ila huyo hafagii vya wenzake. Na lugha ya marehemu haina mfagiaji. Hiyo lazima iambiwe: nimeshasoma, ondoa.

— Na wewe uliiambia?

Kibodi akavitazama vitambaa. Sisi wengine tuliinamisha macho kwenye vikombe. Kisha akavikumba vitambaa vyote kwa mikono miwili, akavikumbatia kifuani, akasema, kaa mama, kaa, akavuka barabara mbio bila kuaga mtu. Vingine vilimdondoka njiani.

Mama akakaa. Spana akamsogezea kikombe chake, akakumbuka kwamba hata maji mkewe anapimiwa, akakirudisha.

— Mbona hajanijibu? mama akauliza.

— Amekwenda kukujibu, mke wangu.