Mkeka Uliobaki Juu ya Lafaele Saumalu

Mchungaji, wazee wa ukoo, mashemasi, kwaya, mliofanya kazi na marehemu katika shirika la umeme, majirani wa Vailuaga, nanyi mlioketi mpaka kule barabarani kwa sababu nyumba imejaa, mimi ni Mareta, binti mkubwa wa marehemu, na kazi hii nimepewa na mama yangu Sinapati, ambaye jana alinitaka nimsomee karatasi hii mara mbili, akafuta maneno yote niliyompambia baba, akasema, "Watu wa hapa wanamjua. Ukiwadanganya watakohoa." Kwa hiyo nitasema kama yalivyokuwa, na anayetaka kukohoa na akohoe.

Mnauona mkeka uliofunika jeneza, na najua wengi wenu tangu asubuhi mnautazama huo kuliko mnavyonitazama mimi, wala siwalaumu, kwa maana kila mtu mzima hapa anajua ulitoka wapi na nani hajaufunua. Mama ameniagiza nisimtakie baba pumziko mpaka yeye awe ameamua la kufanya na mkeka huo. Nilipomuuliza ataamua lini, akaniambia, "Wewe soma." Basi nasoma.

Marehemu Lafaele Saumalu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, hapa hapa Vailuaga, kisiwani Savai'i, mtoto wa tano wa Mzee Saumalu na Bibi Fipe, katika nyumba iliyosimama pale lilipo tangi la maji. Elimu ya kwanza aliipata kwa mchungaji wa siku zile, barazani, Biblia ikiwa kitabu na ufagio wa njukuti ukiwa mwalimu msaidizi, kisha akasoma shule ya serikali kule Salemuli mpaka mwaka 1965, akitembea kwenda na kurudi, na jina la utani alilolipata huko sitalitaja kwa kuwa Mchungaji yupo.

Mwaka 1968 aliajiriwa na shirika la umeme kuchimba mashimo ya nguzo, akafundishwa kukwea nguzo hizo, na mwaka 1983 akafanywa msimamizi wa kikosi cha upande wetu. Humo kikosini ndimo alimompata Malaki Tausaga wa Salemuli, huyu aliyeketi hapa mbele na shati lake la kwaya, baba akiimba sauti ya nne na Malaki sauti ya tatu, wakizoezana nyimbo za Jumapili mmoja akiwa juu ya nguzo na mwingine chini, hata wateja wakawa wanalalamika kwamba umeme haurudi ila nyimbo wamezijua.

Tarehe 5 Desemba 1970 alifunga ndoa na mama yetu katika kanisa hili, na Mungu akawajalia watoto wanne, Simi aliyezaliwa mwaka 1972, mimi mwaka 1974, Peni mwaka 1977 na Fiasili mwaka 1981. Mwaka 1980 waliwekwa wote wawili kuwa shemasi na mke wa shemasi. Nyumbani kwetu sala ya jioni haikukosekana hata siku moja, mvua inyeshe au jua liwake, na mtoto aliyesinzia aliamshwa kwa kidole cha mguu cha mama, mama mwenyewe akiwa amefumba macho.

Simi alimaliza shule akaingia kikosini chini ya baba yake, mwaka 1990. Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa sehemu hii hatujawahi kuisema kwa sauti katika familia yetu.

Desemba ya mwaka 1991 kimbunga kiliondoka na mapaa, minazi na karibu nguzo zote za upande huu, tukakaa gizani miezi mitatu. Simu za upepo za kikosi ziliharibika zote, kwa hiyo makubaliano yao yakawa mepesi, kwamba baragumu la sala ya jioni likilia kila mtu awe chini, na Malaki, aliyekuwa kwenye kibanda cha swichi pale mpakani mwa kijiji, akilisikia awashe, watu wasali wakionana. Yalikuwa makubaliano ya busara, maana ni nani wa huku atakutwa juu ya mti, juu ya paa au juu ya nguzo wakati wa sala? Vijana wa zamu ya sala watakutoza nguruwe, na aibu yake utakula nayo mwaka mzima.

Jumatano ya tarehe 11 Machi 1992, baragumu lilipolia, Simi alikuwa juu ya nguzo iliyo mbele ya nyumba ya Bibi Tusi, amebakiza waya mmoja wa kufunga. Akauliza, "Baba, nishuke?" Baba, shemasi, msimamizi, mtu aliyekuwa akitufokea sisi tukichelewa kuketi, akamjibu, "Malizia huo mmoja, Mungu hawezi kutufukuza kwa waya mmoja." Malaki akawasha. Taa za Vailuaga zikawaka zote kwa pamoja, watu wakapiga makofi majumbani mwao kwa furaha, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, na wakati huo kaka yangu alikuwa amekwisha kufa.

Maneno yale ya pale nguzoni aliyajua baba peke yake. Kijiji kizima kilisema Malaki ndiye aliyeua, kwamba angetuma mtu aangalie kwanza, na Malaki mwenyewe akasema hivyo hivyo.  Baba alikaa karibu na mwili wa mwanawe, akawaacha watu waseme.

Alfajiri ya Alhamisi, kabla hakujapambazuka vizuri, Malaki na ukoo wake walikuwa wamekwisha kufika uwanjani kwetu kuomba radhi kwa desturi yetu, wamepiga magoti, wameinama, na mkeka bora kuliko yote waliyokuwa nayo, uliosukwa na bibi yake Malaki, umemfunika yeye kichwa mpaka miguu. Hayo mnayajua. Mnajua pia kwamba mkeka ule hufunuliwa na aliyekosewa akiikubali radhi, asipoufunua, aliye chini yake ni wa kufanywa lolote, na baba zangu wadogo walikuwa wamesimama ukingoni mwa baraza, mmoja ana panga, mwingine ana jiwe alilolitoa kwenye umu, shimo letu la kuokea, wanamtazama baba, wanangoja aseme neno. Jua likatoka. Mchungaji wa wakati ule akaja, akasimama mbali chini ya mti wa mkungu, nadhani aliogopa. Watoto wa Malaki walikuwa wakilia kimya kimya, tunawasikia. Baba hakuondoka alipoketi. Baba yangu mdogo Etuale, aliyeshika panga, akasema, "Kaka, ama umfunue ama uingie ndani utuachie sisi." Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, nikawa namwomba Mungu baba asimame, na aliposimama nikaomba aketi.

Alishuka barazani, akavuka uwanja, akafika kwenye mkeka, Etuale akamfuata nyuma na lile panga. Baba akainua pembe moja ya mkeka, akapiga magoti, akaingia chini yake, akaketi bega kwa bega na Malaki, akaurudisha ukawafunika wote wawili.

Malaki ametuhadithia mara nyingi kwamba alidhani amerukwa na akili, akamnong'oneza, "Ndugu yangu, umepotea nyumba?" naye baba akamjibu, "Hapa ndipo pangu."

 Hakukuwa na desturi ya jambo lile. Aliyekosewa akiwa chini ya mkeka, nani atafunua? Ndipo mama akatoka ndani, mikono imelowa maji aliyokuwa akimwogeshea mwanawe, akasimama juu yao, akasema, "Lafaele, unafanya nini chini ya mkeka wa watu?" Baba akajibu toka mle ndani, kwa sauti iliyofika barabarani, "Sinapati, mimi ndiye niliyemwambia mtoto asishuke. Baragumu lilikuwa limelia."

 Mama akainama, akafunua upande mmoja, akamshika Malaki mkono, akamvuta, akamwambia, "Inuka, Malaki. Ingia ndani unywe koko, inapoa." Halafu akaurudisha mkeka juu ya baba, akaunyoosha vizuri kama anavyotandika kitanda, akaingia ndani kumalizia kumwogesha Simi.

Baba alikaa chini ya mkeka mpaka jeneza la Simi lilipotolewa, akatoka mwenyewe, kwa sababu alitakiwa kulibeba. Hakufunuliwa na mtu. Mama aliukunja mkeka akauweka chini ya godoro lao, na huko ulikaa miaka ishirini na saba.

Shirika lilikuwa tayari kumfukuza kazi Malaki, baba akaenda ofisini kwao akawaambia aliyoyasema chini ya mkeka, wakamvua usimamizi, wakampa Malaki, na baba akarudi kuchimba mashimo akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, chini ya rafiki yake, mpaka alipostaafu mwaka 2009. Hakuna aliyemsikia akinung'unika. Malaki ndiye aliyekuwa akiona haya, na haya zake akizificha kwa utani, "Lafaele, hilo shimo ni la nguzo au unachimba umu?" naye baba akimjibu toka mle shimoni, "Ingia upime, bosi." Ushemasi aliuachia mwenyewe siku ya Jumapili iliyofuata maziko, na kanisa lilimrudishia mwaka 1999, mama akipiga kura ya ndiyo, nilimwona.

Katika miaka yote hiyo, kila jioni kabla ya baragumu, aliipita barabara hii toka mwanzo hadi mwisho akiangalia juu, akiita, "Shukeni! Shukeni, karibu litalia!" na watoto wakampachika jina la Mzee Shukeni, wengine wakapanda miembe makusudi ili wamwone akihangaika. Nyinyi mliofanya hivyo mko hapa na vitambi vyenu, nawaona. Hakuna mtu wa Vailuaga aliyekutwa juu tangu siku ile.

Na nyumbani? Walipika, walilima magimbi, walicheka, walilala chumba kimoja. Lakini kila jioni, baba akiongoza Sala ya Bwana, tulipofika kwenye maneno ya kusamehe waliotukosea, mama alinyamaza, na baba akapunguza mwendo, akangoja kidogo, kisha akaendelea. Sisi watoto tulilelewa ndani ya kile kimya. Nimeolewa, nimezaa, na mpaka leo nikifika kwenye maneno hayo moyo hunidunda. Mchungaji aliwahi kumketisha mama, naye akamwambia, "Nimemsamehe siku nyingi, Mchungaji. Sijamfunua tu." Nilimkasirikia mama kwa jibu lile, nasema mbele yake, na bado sijui kama nimekoma. Lakini mimi sikumwogesha Simi.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2011, akakatwa mguu wa kushoto mwaka 2016, na mwezi Agosti mwaka huu figo zikashindwa, akalazwa hospitali ya wilaya, mama akilala sakafuni kando ya kitanda chake. Jumatatu ya tarehe 16 Septemba alimuuliza mama, "Ule mkeka bado upo?" Mama akasema, "Upo. Nani angeula?" Baba akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Basi nikifa nifunikeni nao, kila mtu aone niko wapi." Kesho yake, Jumanne ya tarehe 17 Septemba 2019, alfajiri, aliaga dunia, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu kumi na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumchoka, pamoja na kwamba aliwaimbisha, majirani mliokesha nasi na kuwasha umu kabla hatujawaomba, shirika la umeme mlioleta taa na turubai, na kwa namna ya pekee Malaki, ambaye katika umri wake amechimba kaburi lile pale, kando ya Simi, akakataa kumwachia mtu koleo, akisema, "Miaka kumi na saba amenichimbia mashimo. Moja mimi nisimchimbie?"

Maneno yaliyoandikwa yameishia hapo, na chini yake nimeacha nafasi tupu, kama nilivyoagizwa. Mama, tumefika. Naomba tuketi kimya.

Ameinuka. Peni, usimshike mkono, mwache. Malaki, kaa, baba yangu, hakukuita.

Mlioko barabarani hamkuona wala kusikia, nami nawafikishia. Ameufunua toka kichwani mpaka miguuni, ameukunja, ameuweka mapajani mwa Malaki, na amemwambia mumewe, "Inuka, Lafaele. Koko imepoa."

Baba, umefunuliwa, na hapa hakuna aliyebaki juu. Sasa nimeruhusiwa kukuambia. Pumzika kwa amani.