Gari Jekundu la Milango Mitatu

Bwana asifiwe! Hapana, ndugu zangu, leo mmelala. Bwana asifiwe sana! Amina. Na ninyi mlioshuka kutoka Lupepo na mvua hii, mugonile, habari zenu. Mchungaji ameniambia niwe mfupi, nami nimemwitikia, lakini jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu na leo linatoka lote.

Mnanijua. Mimi ni Mama Bupe wa Mpuguso, mke wa yule anayenunua ndizi na kuzipeleka Mbeya. Mmesikia hapa watu waliotolewa kwenye pombe, na waliotolewa kwenye uchawi. Mimi Bwana alinitoa kwenye kuchanganyikiwa, na waliokuwa wamenichanganya ni magari. Chekeni tu, ila mkimaliza kucheka mnisikilize.

Ndugu zangu, baba mkwe wangu alikuwa akiishi peke yake kule Lupepo tangu mama alipotutoka. Moyo ulikuwa unamsumbua, miguu inavimba hadi viatu haviingii, na ukimlaza chali anakosa pumzi. Ugonjwa ukimzidi, vijana walimbeba kwa machela kwenye utelezi ule mnaoujua mpaka barabarani, kisha wakaanza kungoja huruma ya mwenye gari. Daktari alishamwambia mume wangu kwamba wakichelewa safari moja, mzee hatarudi nyumbani. Basi Baba Bupe akasema, tununue gari, baba asibebwe tena kama mzigo wa viazi.

Jina la mzee sijalitaja, na wenyeji mnajua kwa nini. Kwa wageni nitaeleza. Kwetu mwanamke aliyeolewa humwogopa baba mkwe wake, si kwa kuwa ni mkali, bali kwa heshima. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, halitamki jina lake. Akimwona anakuja njiani anaingia migombani na kujifunika kitenge mpaka apite. Najua nyumba nyingine mmeshalegeza. Ukoo wetu haukulegeza hata uzi. Tangu nilipoolewa mpaka Bupe anaanza sekondari, sikuwahi kuuona uso wa mzee yule. Nilimpikia, watoto wakampelekea. Kikohozi chake nilikijua vizuri, sura yake sikuijua kabisa.

Sasa njooni kwenye magari. Zamani nani alichanganyikiwa na gari? Ulihitaji kibali, ulihitaji na mjomba mkubwa serikalini, na ukijaliwa kupata, unachukua lililopo na kushukuru. Ikaja ruksa, ikaja soko huria, magari ya Japani yakamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua. Na yakaja yale mafupi, mnayakumbuka, yamesimama kama jogoo, yana tairi la akiba mgongoni. Kila kijana wa Tukuyu aliyeuza shehena ya ndizi alilitaka moja. Na mimi mama mzima, mwimbaji wa kwaya, nikalitaka!

Tulikwenda Mbeya kwa Bwana Seif, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Tanga, mtu wa swala tano na utani mwingi. Alikuwa na matatu. Jekundu la milango mitatu, fupi, jepesi, linapanda mlima kama mbuzi. La bluu la milango mitano, refu kidogo, halina mbwembwe. Na jeupe lenye injini kubwa, linavuta kwa tairi zote nne, lakini mafuta linakunywa kama mtu aliyetoka kulima.

Nikasema jekundu. Nilipokaa ndani nikabadili, nikasema jeupe, kwa sababu ya tope la njia ya Suma. Fundi wetu akasema jeupe likiharibika spea zake utazitafuta mpaka Japani kwenyewe. Nikasema la bluu. Shemeji yangu akacheka, akasema la bluu ni gari la mwalimu mstaafu. Nikarudi kwenye jekundu. Lakini jekundu ni la otomatiki, na mume wangu amezoea kubadili gia mwenyewe. Ndugu zangu, nilikuwa sili! Nikipika nawaza urefu wa gari kutoka chini, nikichuma chai nawaza matumizi ya mafuta. Mara moja niliimba ubeti wa tatu kwaya nzima ikiwa kwenye wa pili.

Nikaenda kwa Bwana. Nikamwambia, Baba, nionyeshe. Gari la kwanza litakalopita barabarani nikimaliza kuomba, rangi yake ndiyo jibu lako. Nikasema amina, nikatoka nje. Likapita trekta la chai! Nikaomba tena, yakapita mawili yakipishana, jekundu linapanda na jeupe linashuka. Nikakaa barazani nikalia kwa hasira. Nilimuuliza Mungu kama na yeye ameshindwa kuchagua.

Bwana Seif akatuonea huruma. Akasema, "Mama Bupe, chukua hilo jekundu mkalizungushe huko kwenu mpaka jioni. Gari ni kama mchumba, usilisifie sebuleni, lipeleke shamba." Tukalichukua. Mume wangu akasema twende Lupepo, tulipime kwa ile njia ya baba, kwa kuwa ndiyo njia litakayofanyia kazi. Mimi ningebaki chini kwenye gari kama kawaida, yeye apande kumsalimia mzee.

Lilipanda, jamani! Nilipiga vigelegele peke yangu. Mume wangu akacheka, akasema, "Mke wangu, tumeshapata gari." Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kichwa changu kikatulia.

Tulipofika karibu na mji wa mzee, akatokea bibi jirani, yule anayetembelea fimbo, anapiga kelele, "Baba Bupe, mbio! Mzee amezidiwa!" Mume wangu akaruka. Na kijiji kilikuwa kitupu, kwa kuwa watu wote walikuwa wamekwenda kwenye msiba Suma, na sisi tunavyozika mnajua, habaki mwanamume nyumbani. Mume wangu akambeba baba yake mgongoni mpaka kwenye gari. Niliposikia hatua zao nikachomoka, nikajificha nyuma ya mgomba, kitenge usoni.

Hapo sasa, ndugu zangu! Mlango wa nyuma haupo. Mzee hawezi kupanda nyuma kwa kukunja kiti, kwa hiyo akawekwa mbele. Lakini hakai mwenyewe, anateleza, na akiteleza pumzi inakata. Lazima mtu akae nyuma yake amshike mabega. Mume wangu anaendesha. Bibi mguu wake hauwezi kuingia huko nyuma. Amebaki nani? Mimi. Na nyuma ya kiti kile, kwenye kile kigari nilichokipenda, mdomo wangu ungekuwa shingoni kwa baba mkwe wangu.

Fikirini. Tulipima mafuta, tukapima injini, tukapima mpaka redio. Wote tuliokuwa tunashauriana ni watu wa hapahapa, tumelelewa na mwiko huu. Na gari lenyewe tulilitafuta kwa ajili ya mzee! Hakuna hata mmoja aliyeuliza mkwe na mkwe watakaaje humo ndani.

Nilisimama kwenye migomba. Nikiingia, namvunjia mzee heshima, na tunaamini aibu ya namna hiyo inaweza kummaliza mtu mgonjwa. Nisipoingia, pumzi itammaliza. Nikapiga hatua, nikarudi. Nikapiga tena, nikarudi. Mume wangu ameshika mlango, ananitazama, anamtazama baba yake. Nikasema, Bwana, sasa sikuombi rangi. Sijui la kufanya. Nishike mkono tu.

Ndipo niliposikia sauti. Haikutoka mbinguni. Ilitoka kwenye gari, inakwaruza, ya Kinyakyusa cha zamani, nami ninawaambia kwa Kiswahili. "Wewe mwanangu uliye kwenye migomba. Ndaga, asante kwa chakula cha miaka yote. Leo nimekufungulia. Njoo unishike."

Haleluya! Mzee hakuwahi kunisemesha. Nikatupa kitenge. Mume wangu akamwinamisha baba yake kidogo, nami nikapanda kwa juu ya kiti, sketi imenasa kwenye gia, kiatu kimoja kimebaki Lupepo mpaka leo. Nikamshika mabega. Alikuwa mwepesi! Mtu niliyemwogopa miaka yote alikuwa mwepesi kama kikapu cha chai. Kwenye kona akaniegemea, nami nikawa naimba polepole sikioni kwake, machozi yangu yanamdondokea kichwani, na hakulalamika.

Tulifika hospitali. Mume wangu akabaki kuhangaika na gari lililozuia njia, mimi nikaingia na mzee kwenye kiti cha magurudumu. Nesi akachukua kalamu, akauliza, "Jina la mgonjwa?"

Nikainama kumweka mzee vizuri kitini. Akauliza tena. Akaniambia, "Mama, huyu ni nani yako? Humjui?" Ulimi ukawa mzito. Njia nzima nilijua nimefunguliwa kumgusa, lakini jina je? Hilo hakulisema. Nikamtazama usoni, mara yangu ya kwanza kumtazama. Ana macho ya Bupe! Macho yaleyale, ndugu zangu, niliyokuwa nayaosha asubuhi na kuyalaza jioni. Hakuweza kusema, akatikisa kichwa mara moja kwenda chini. Nikalitaja. Nikasema, "Ni baba yangu," na nikalitaja.

Daktari alisema tuliwahi. Alilazwa, akatolewa maji, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Gari je? Tulimrudishia Bwana Seif jekundu lake. Tulipomweleza, hakutania. Alifuta macho, akatuletea la bluu la milango mitano, na ndilo lililopaki pale nje. Mzee anakaa nyuma, mimi mbele, na siku nyingine tunabadilishana. Msiniulize kama ndilo bora, kwa sababu sijui. Mlimani linachoka, na jekundu bado naliota. Mengi bado yananichanganya. Sijui kwa nini mzee hakunifungulia zamani, wala kwa nini mimi sikuomba. Nikimaliza kulifikiria jambo hili upande mmoja, naanza upande wa pili.

Lakini wewe uliyekaa hapo na kichwa kinachozunguka, unalinganisha hiki na kile, usimpangie Mungu rangi ya jibu. Mwambie umeshindwa, akushike mkono. Sauti ikikuita kutoka mahali ulipokuwa unapaogopa, toka migombani. Namshukuru Bwana, namshukuru mume wangu, nakushukuru kanisa.

Na kuna mtu mmoja namwomba asimame, tumshukuru Mungu pamoja. Yuko benchi la pili upande wa wanaume, na ameniruhusu asubuhi hii. Simama baba yangu, Ambakisye. Msaidieni kusimama. Ambakisye, simama wakuone.