Mzee Kebaso Anastaafu Kabla Mvua Haijafika Chebunyo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhangaika na nyasi, Mzee Gibson Kebaso, mtaalamu mkuu wa malisho katika kituo chetu hapa Sosiot, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Machi 1996. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, nilimwandalia sifa tupu. Mzee alizisoma, akanirudishia, akasema nikimpamba hivyo hatakanyaga kwenye sherehe yake. Alitaka niandike habari ya kosa alilomfanyia Mama Rodah. Jamani, kuandika jambo kama hili kwenye programu ya sherehe, mkewe na wakwe wakisoma! Aibu imenishika hata kalamu ni nzito. Lakini mwenyewe ameamua, na aliyeamua ni mkubwa wangu.

Alitufikia mwaka wa 1965 kutoka Nyamira, kijana mwembamba wa kupima mvua na kufyeka njia. Alipanda ngazi moja moja hadi juu. Wengi hapa tunamjua kwa kile kisu chake kidogo cha mfukoni. Hata Jumapili, njiani kwenda kanisani, akiona nyasi ngeni kando ya barabara lazima ainame azipasue. Mkewe, Mama Nyambeki, alichoka kumngoja miaka mingi iliyopita. Yeye hutangulia kwenye ibada na kumwekea nafasi.

Hakuna aliyepita kituoni bila kufundishwa somo lake la kiangazi. Nyasi hazina miguu ya kukimbia jua, hutuambia, kwa hiyo hujibana. Kwanza hufunga vitundu vidogo sana vya majani ili maji yasitoroke. Ila vikifungwa hivyo, hewa ya kutengenezea chakula nayo haiingii, na kukua kunasimama. Majani hujikunja kama mkeka, jua lipate mahali padogo pa kuchoma. Ndani yake nyasi hulimbikiza sukari na madini, ambayo huyashikilia maji kidogo yaliyobaki. Hali ikizidi, huacha majani yafe na kuokoa kile kitako cha shina kilicho usawa wa udongo. Hapo chipukizi hukaa hai, zikila akiba polepole. Ndiyo maana alitukataza kutangaza kifo cha nyasi tukiwa tumesimama. Inama, pasua kitako. Ukikuta weupe wenye unyevunyevu, hizo zimelala tu.

Sasa sikilizeni. Wakati wa kiangazi cha 1994, Mama Rodah Chemutai wa Chebunyo, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa na watoto wa shule, alimwomba Mzee aje aangalie malisho yake. Mzee alipitia huko akielekea harusini, amevaa suti mpya ya rangi ya maziwa. Vumbi la Chebunyo mnalijua. Alisimama langoni, akatazama shamba lote la kahawia, akasema nyasi zimekufa, zilimwe, mbegu mpya zisubiri mvua. Hakuinama. Sisi wa upande wa mashamba ya chai tumezoea kijani mwaka mzima, na chochote cha kahawia machoni petu ni maiti. Lakini yeye hakuwa na udhuru huo. Yeye ndiye aliyetufundisha.

Mama Rodah aliamini, akaazima maksai, akalima. Jua likapiga mizizi iliyopinduliwa mpaka ikafa kweli. Mvua iliponyesha, malisho ya majirani yalirudi kijani kabla ya wiki kwisha. Shamba la Mama Rodah likawa tope, na mbegu zote zikasombwa. Ng'ombe wawili walikufa njaa, na watoto wakanywa chai ya rangi mwaka mzima. Mzee alipopata habari alijifungia ofisini. Alituambia baadaye kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze. Nasi tuliosikia hatukujua pa kuweka macho.

Alikwenda kuomba msamaha. Kwa miaka yote aliyoishi na Wakipsigis, wenyeji wa huku, aliijua desturi yao: anayetaka amani hung'oa nyasi mbichi, akazishika mkononi mbele ya yule aliyekosewa. Alifika langoni, akainama kung'oa, na hapakuwa na hata unyasi mmoja. Mikono mitupu! Mama Rodah hakumfokea. Alimwambia tu kwamba atamsikiliza siku atakayozing'oa hapo hapo, kwenye shamba hilo, si nyasi za kubebwa kutoka Sosiot. Kisha akaingia ndani, asimkaribishe hata chai.

Tangu hapo, Jumamosi ya Mzee ni ya Chebunyo. Amevaa suruali kuukuu, amepanda vipande vya nyasi mstari kwa mstari, akinunua miche na kujilipia nauli. Amepalilia na kufukuza mbuzi wa watu. Mwaka jana nyasi zikiwa kijani alizuia mkono wake asizing'oe. Alisema hazijaonja kiangazi, na hatatoa nyasi ambazo huenda zikafa tena. Mama Rodah humpita na ndoo yake, humsalimia kwa adabu, basi. Chai ya nyumba hiyo bado hajaionja.

Mwezi huu shamba ni la kahawia tena. Jumamosi iliyopita nilimsindikiza. Alipiga magoti, akapasua kitako kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa vyeupe na vyenye unyevu. Mzee wa watu alilia pale pale, nami nikageuka nisimwaibishe. Ziko hai. Lakini desturi inataka nyasi mbichi, na mawingu bado yanaishia huku kwetu kwenye chai.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha, hata kwa kosa lako. Wastaafu wengine huwa tunawatakia afya na mapumziko. Wewe, sisi wote wa kituo, tunakutakia mvua ya Chebunyo, nyasi mbichi mkononi, na kikombe cha chai kwa Mama Rodah.

Esnah Nyatichi, Maabara