Elieza Ndesanjo, Fundi wa Breki wa Arusha, 1908–1958

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliopanda hadi hapa Sokon kwenye mvua hii, asanteni. Tumekuja kumzika Elieza Ndesanjo. Mimi ni Aminiel, mtoto wa mdogo wake, na familia imeniomba niseme habari za maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1908 huko Machame, Kilimanjaro, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ndesanjo. Baba yangu, Yoeli, alizaliwa miaka mitatu baadaye. Mama yao alifariki kwa homa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, na tangu hapo Elieza ndiye aliyempikia mdogo wake uji na kumbeba mgongoni wakati wa kuvuka mito.

Alisoma shule ya misheni huko Machame hadi darasa la nne, mwaka 1924. Mwalimu alitaka aendelee, lakini baba yao aliugua na shamba la migomba likakosa mtu.

Mwaka 1928 alikuja Arusha akaajiriwa na Bwana Shantilal, mwenye gereji karibu na soko. Bwana Shantilal ndiye aliyemfundisha breki. Motokaa za siku hizo breki zake zilivutwa kwa fimbo za chuma, na kuzipatanisha kulihitaji subira. Marehemu aliinua magurudumu yote manne juu ya magogo, akakaza nati ya kila fimbo mpaka gurudumu lilipoanza kukwama, kisha akailegeza kidogo. Mtu mwingine alikanyaga pedali, naye akazungusha kila gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Yote manne yalipaswa kushika kwa pamoja. Moja likichelewa, motokaa huvutwa upande.

Tarehe 3 Juni 1933 alifunga ndoa na Resiato, binti wa hapa Sokon. Siku ya posa, baba mkwe alimuuliza anafanya kazi gani mjini.

"Nasimamisha motokaa, Baba."

"Mbona kila siku naziona zinapita?" mzee akauliza. Watu walicheka, na marehemu mwenyewe aliipenda hadithi hiyo mpaka mwaka 1938. Baada ya hapo hakuisimulia tena.

Mwaka huo baba yangu alikuwa dereva wa mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa Usa River. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti alileta gerejini motokaa ya bwana wake, ya zamani, ili breki zitazamwe. Marehemu alifungua gurudumu la nyuma la kulia akakuta lainingi, bitana ngumu ya breki inayobana chuma cha gurudumu, imelowa oili. Lainingi mpya haikuwepo Arusha nzima, ilibidi iagizwe Moshi. Lakini saa sita mlowezi akaja, ana wageni, anataka kuondoka.

"Fundi, funga gurudumu," Bwana Shantilal akasema.

"Breki hazijakaa sawa, Bwana. Motokaa itavuta kushoto."

"Ataenda polepole. Funga."

Akafunga. Kisha akamfuata mdogo wake dirishani. "Yoeli, mteremko wa mtoni ushuke na gia ya kwanza."

"Kaka, njia hii naijua," baba yangu akamjibu, akawasha motokaa.

Kwenye mteremko wa Usa, kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Baba yangu alikanyaga breki, motokaa ikaenda kushoto, ikaangukia mawe ya mto. Mlowezi alivunjika mkono. Baba yangu alifia palepale, akiwa na miaka ishirini na saba.

Kwenye taarifa ya polisi iliandikwa kwamba dereva alikimbiza motokaa. Marehemu alipopata habari hiyo alikwenda bomani akasimama mbele ya Bwana Shauri, afisa wa serikali aliyeamua kesi. "Gurudumu lile nililifunga mimi, huku najua," alisema. Akaambiwa shauri limekwisha, arudi kazini. Hakuadhibiwa, na nadhani angependa kuadhibiwa.

Alirudi kazini. Lakini tangu hapo hakuna motokaa iliyotoka gerejini bila yeye mwenyewe kuiendesha hadi Kijenge na kurudi. Mwenye motokaa akifoka, alitia ufunguo mfukoni akaendelea na kazi. Bwana Shantilal hakumwamuru tena kufunga gurudumu. Yeye pia alikuwa amezeeka ghafla.

Siku ya ajali mimi nilikuwa na miaka minne, na mama yangu alikuwa amefariki siku niliyozaliwa. Baba mkubwa alinichukua. Alinisomesha, alinifundisha kuendesha, na watu waliposema mbele yangu kwamba baba yangu alikuwa dereva wa ovyo, aliondoka mezani.

Mwaka 1950, nilipotimiza miaka kumi na sita, aliniita kwenye mibuni nyuma ya nyumba akanieleza kila kitu. Mwishoni alisema, "Baba yako hakuendesha ovyo. Ujue hivyo. Mimi nilifunga."

Nilikwenda chuo cha ualimu, kisha nikafundisha mbali, na kwa miaka saba sikumwandikia barua hata moja. Yeye aliniandikia kila Pasaka na kila Krismasi.

Alianza kukohoa mwaka 1955. Miaka ishirini na saba alikuwa akipuliza vumbi la lainingi kwa mdomo ili aone chuma vizuri, na daktari alisema mapafu yamekauka. Mama mkubwa aliponiita, nilifika tarehe 21 Februari mwaka huu. Nilimwogesha, nikamnyoa ndevu. Nilikuja na neno la kumwambia, na kila siku nilisema kesho. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi, nilitoka kufuata maziwa. Niliporudi, Mama mkubwa alikuwa amekwisha kumfumba macho.

Marehemu ameacha mjane, Resiato, mabinti wawili, Ndelilio na Elinami, wajukuu watatu, na mimi. Waliochapa karatasi ya ibada waliniandika "mtoto wa ndugu". Nimewaomba wafute, waandike "mwanawe".

Mungu ampokee Elieza, na ampe amani ambayo hapa hakuipata. Amina.